Boga la Katungu

Katika kuniaga mmenipa kitenge, mmenipa saa ya ukutani, na Padri amenisifu mbele ya watu mpaka nikageuka nyuma nione anamsema nani. Nawashukuru. Ila katika hotuba zile zote hakuna aliyetaja maboga, na mimi nimezeeka katika jiko la bweni la wasichana hapa Butembo nikiwa nimeshika boga mkono mmoja na mwiko mkono wa pili. Basi nimeamua kuandika mwenyewe. Ninyi mnaobaki jikoni mtasoma mkingoja maharagwe yaive, maana wakati mwingine wowote najua mtasema hamna nafasi.

Nilipoingia kazini nilikuwa nimeolewa juzi tu, na nilidhani najua kupika kwa sababu mume wangu alikuwa bado mzima. Mkuu wa jiko alikuwa Mama Fideline, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, aliyewapikia wasichana wa shule hii tangu mabweni yakiwa ya udongo. Hakuniuliza cheti wala barua ya padri. Alinipangia maboga juu ya meza akasimama pembeni, mikono kiunoni.

“Chagula moja ya kupika leo,” akasema. “Na zile zingine, uniambie juu ya nini hapana.”

Nikachagua kubwa kuliko yote, lenye kung'aa. Mama Fideline alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la makaa.

“Mwana yangu, unachagula boga ama unachagula bwana?”

Lile boga kubwa lilikuwa limejaa maji, na wasichana walikunywa mchana ule kitu ambacho kilipaswa kutafunwa. Baada ya hapo alinifundisha. Boga linatazamwa kwanza kikonyo: kiwe kikavu kama kipande cha kuni, na kiwe kimekatwa kwa kisu. Boga lisilo na kikonyo limenyofolewa na mtu mwenye haraka, na mwenye shamba hana haraka na kitu chake. Kisha ligeuze utafute pale lilipolalia udongo. Pakiwa peupe bado, liache. Bonyeza ganda kwa ukucha wa dole gumba. Ukucha ukiingia, rudisha boga sokoni, au rudisha ukucha nyumbani ukaukate.

Kuliko hayo yote, Mama Fideline alitaka kujua chakula kimetoka wapi. Hakununua hata fungu la lenga-lenga, yaani mchicha, kwa mtu asiyeweza kumwambia shamba liko upande gani na nani alipalilia. Boga la Lubero, alisema, limekua polepole katika baridi, nyama yake ni kavu, hilo ni la kuponda na maharagwe. Boga la Mabalako limekua kwenye joto, ni laini, hilo ni la kumwekea sukari mtoto mgonjwa au la kupika na mafuta ya mawese. Mara kwa mara alipanda gari la mizigo akaenda kuyaona mashamba mwenyewe, na alipochoka magoti akanituma mimi. Wauzaji walimwita Polisi. Alilipenda sana jina hilo.

Yaliyobaki nitayasema haraka, maana mnayajua au mnajifanya mnayajua. Majani ya boga yamenywe nyuzi kabla ya kukatwa, la sivyo yanakwaruza koo. Ua linachumwa lile lisilo na kitoto nyuma yake. Vipande vinapangwa ganda chini, maji kidogo sana, jani la ndizi juu, na mtu asifunuefunue sufuria kila mara kama anayemchungulia mkwe. Mbegu zinaoshwa, zinaanikwa, zinakaangwa, zinatwangwa, na hiyo ndiyo mbika ambayo kila msichana aliyewahi kulala hapa anaisifu akiwa mama mzima, ingawa wakati ule alisema imezidi chumvi.

Vita ya kwanza ilipofika, askari walipenda sufuria kuliko wapishi. Walizunguka shule zote wakikusanya zile kubwa. Sisi tulikuwa na moja tuliloliita Askofu, kwa ukubwa wake na kwa sababu lilihitaji watu wawili kulisindikiza. Mama Fideline alilijaza maji machafu ya kufulia na matambara, akaliweka penye kufulia, akaketi mbele yake akisugua shuka moja asubuhi nzima. Askari walipita, wakamsalimu kwa heshima, wakachukua sufuria lililotoboka ambalo tulikuwa tunataka kulitupa. Kwa hilo niliwashukuru moyoni. Muda mfupi baada ya hapo Mama Fideline alirudi kwao Lubero kupumzika, akaniachia jiko, Askofu, na jina la Polisi.

Kisha ikaja vita ya pili, nayo ikakaa. Barabara ya Kasindi ilifungwa na kufunguliwa kama mlango wa duka lisilo na bidhaa. Tulikuwa tumezoea kula mchele na unga wa mahindi uliovuka mpaka kutoka Uganda, na magari hayakufika. Nikawaambia wasichana kwamba tangu sasa tutakula kinachokua karibu, na kilichokuwa kinakua, Mungu asifiwe, kilikuwa maboga.

Walinijia wote. Ninyi mnajua kwetu mtu ambaye hajala bugali hajala, hata kama tumbo limejaa mpaka shingoni.

“Mama Kahindo, hii iko chakula ya kungojea chakula,” mmoja akasema. “Sasa chakula yenyewe iko wapi?”

“Mbuzi ya kwetu njo inakulaka hivi,” mwingine akaongeza.

“Basi salimia mbuzi,” nikamjibu, “inakula vizuri.”

Nilifanya hila. Unga kidogo wa muhogo tuliokuwa nao niliusongea kila mmoja tonge dogo la bugali, nikaliweka juu ya boga lililopondwa na maharagwe, lionekane kwanza. Wakaona bugali, wakanyamaza, wakala. Baadaye nilisikia wanasimulia kwamba vita ilipunguza bugali kuliko ilivyopunguza watu wa serikali. Wasichana wale hawakukosa la kusema.

Aliyetuletea maboga ya bondeni alikuwa Papa Ramazani, mwenye gari la mizigo, mtu wa familia ya Waislamu wa Beni. Alijua kila bariyeri, vile vizuizi vya askari barabarani, na kila mkuu wa bariyeri anapenda nini. Upande wa Mabalako ulikuwa umekatika kwa mapigano, na fonia ya parokia, ile redio ya kuongelea, ilinyamazishwa na askari. Wasichana wa huko hawakujua kama watu wa kwao wako hai. Siku Ramazani alipoingia uani akipiga honi, gari limejaa maboga ya Mabalako, nilikimbia kama msichana. Nikatazama vikonyo: vyote vimekatwa kwa kisu. Nikauliza, kama nilivyofundishwa.

“Ilitoka ku shamba gani?”

“Mama, bamama bako kando ya barabara, kila mutu na yake. Mi napakia boga, sipakie majina.”

Hilo jibu Mama Fideline angelirudisha pamoja na gari. Mimi nilikuwa na wasichana wenye njaa na Askofu tupu. Nikapokea.

Mwaka ule wanafunzi wa darasa la mwisho walikuwa wanajiandaa kwa mtihani wa taifa, na kila mmoja alikuwa na zamu ya kusaidia jikoni. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Kavira, binti wa Mabalako, mrefu, mpole, wa kwanza katika hesabu. Alikuwa anapanguza maboga udongo kwa kitambaa. Nikasikia kitambaa kimeanguka.

Alikuwa ameshika boga la wastani, la kijani lenye mabaka. Ubavuni mwake palikuwa na makovu yaliyovimba, na makovu yale yalikuwa herufi. KATUNGU. Zilikuwa zimepanuka pamoja na boga, zikapinda kidogo, lakini mtoto yeyote angezisoma.

“Iko ya mudogo yangu,” akasema. “Iko boga ya Katungu.”

Kwao, kama kwa familia nyingi za wakulima, boga likiwa changa, la ukubwa wa ngumi, kila mtoto hupewa lake, akaliandika jina kwa ukucha. Tangu hapo ni lake. Baba haligusi, mgeni haliombi. Likikomaa linapikwa zima, na mtoto mwenyewe ndiye anayegawa vipande, kwa kiburi chote cha duniani. Boga la mtoto haliuzwi. Mtu auze mbuzi, auze mabati ya paa, ila boga la mtoto aliache.

Nilijua anawaza nini, kwa sababu na mimi niliwaza hivyohivyo. Boga la Katungu likiwa ndani ya gari la mizigo, basi waliolikata si wenyewe. Na wenyewe wako wapi?

“Baliisha,” Kavira akasema. “Mama Kahindo, bote baliisha.”

Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alilibeba boga mpaka bwenini akaliweka kitandani kwake. Chakula cha mchana hakula. Alimpa mwenzake madaftari yake, akafunga nguo zake katika kitenge, akasema anaondoka kwenda Mabalako kwa miguu kuwazika. Madamu Prefe, mkuu wa shule, alimsihi, akamkemea, akalia naye. Msichana wa umri ule, peke yake, kupita bariyeri zote zile! Sihitaji kuwaelezea. Nilijua tukimwacha atoke lango lile hatutamwona tena, na tukimfungia ndani atakaa mbele ya karatasi ya mtihani kama jiwe.

Nikaketi naye kitandani, boga katikati yetu.

“Kavira, mi njo nilipokea hii boga bila kujua ilitoka wapi. Kutafuta mwenye boga ni kazi ya jikoni, haiko kazi ya mwanafunzi. Nitaenda na Papa Ramazani. Wewe unaningojea hapa. Utaningojea?”

Alivuta boga karibu yake.

“Mama, usinidanganye ukirudi.”

“Sikudanganye.”

“Batu banadanganyaka mutu wa matanga.”

Hilo ni kweli. Nilimwahidi, nikatoka kwenda kumtafuta Ramazani. Habari njema ningemletea mbio. Niliogopa ile nyingine.

Ramazani hakukataa. Alisema tu kwamba nitakuwa shangazi yake mpaka turudi, na shangazi yake si mtu wa kujibu askari. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ngumu ya safari. Kwenye bariyeri moja askari aliniuliza kwa Kilingala mimi ni nani, na Ramazani akamweleza kwa masikitiko kwamba shangazi ni kiziwi. Nikawa kiziwi mpaka Mabalako. Kwa njia yote Ramazani alinisimulia mambo ya wake zake, akijua siwezi kujibu.

Nyumba ya kina Kavira tuliikuta imefungwa, majani yameota mpaka mlangoni. Nilishika ukuta. Sikutaka kuuliza. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa anaanika kahawa yake kana kwamba hakuna vita, aliniangalia viatu, kitenge, mikono.

“Uko nani?”

“Mupishi wa masomo ya bana banamuke, ku Butembo.”

“Mupishi,” akarudia. Akaona alama za kuungua mkononi mwangu, akaridhika. “Basi fwata ile njia ya mutoni. Usiite jina ya mutu. Kohoa tu.”

Nikafuata mto, nikapita ndani ya shamba la kahawa, nikikohoa kama mgonjwa wa kifua. Mwanamke akatokea kati ya miti ameshika panga, na uso wake ulikuwa uso wa Kavira, umeongezwa miaka na jua.

“Mama Kavira?”

Panga likashuka.

“Aliona boga?” akauliza, kabla ya salamu.

Nikamwambia aliona, na analia, na anataka kuja kuwazika. Mama yule alishika kichwa.

“Kuzika nani? Tuko hapa bote! Baba yake anachimba muhogo pale. Mi nilimutumia boga ajue tuko bazima!”

Tukakaa chini kwenye majani makavu, akanieleza. Barua zilikuwa zinafunguliwa kwenye bariyeri, na aliyekutwa na karatasi aliulizwa anapeleka habari za nani kwa nani. Kumwambia dereva maficho yao hakuthubutu. Aliposikia magari yanachukua maboga kwa ajili ya shule ya Butembo, alikata boga la Katungu akalichanganya na ya wengine. Boga linapita bariyeri zote. Askari analipiga teke kidogo, basi. Alijua wasichana wanafanya zamu jikoni. Alijua Kavira ataona jina na atafurahi.

“Lakini Mama Kavira,” nikasema, “boga ya mutoto hapana uzishiwaka!”

Akaelewa. Akaanza kucheka na machozi yakitoka, akijipiga mapaja, na mimi nikacheka, tukaziba midomo yetu kwa vitenge ili sauti isifike barabarani. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi hivyo, hata siku ya harusi yangu, iliyonyeshewa na mvua.

Katungu mwenyewe alikuwa nyuma ya kibanda chao, ametugeuzia mgongo, mtoto mwenye goti lililochubuka. Hakunisalimia.

“Alikasirika,” mama yake akasema. “Nilikata boga akiwa mutoni. Toka siku ile hapana kunisemesha vizuri.”

“Njo nyinyi mulikula boga yangu?” Katungu akauliza, bila kugeuka.

“Hatuyakula. Iko ku kitanda ya dada yako.”

Hapo akageuka. Alifikiri kwa uso mzito, kama chifu. Kisha akanipa maagizo, na mimi, mkuu wa jiko, nikasimama nikayapokea. Kavira ana ruhusa kulikata. Awape rafiki zake, ila yeyote mwenye midomo mirefu ya kusengenya asipewe. Mbegu zirudi zote. Zisiende kwenye mbika.

“Na kipande ya ku kikonyo,” akasema, “asiikule. Iko yangu. Ule mwaka mwingine alinikuliaka. Umuambie vile.”

Nikamwambia nitasema vile. Mama yao alinijazia kikapu maboga mengine, akanishika mikono yote miwili, akasema “Wasingya”, asante ya Kinande, akairudia mpaka nikatoka kwenye kahawa. Safari hii nilijua chakula changu kimetoka wapi, hadi mti uliokuwa karibu nacho.

Kavira alikuwa langoni tulipoingia. Alikuwa amekonda; nadhani hata wenzake walikuwa wameacha kumlazimisha kula. Nikashuka, nikamwambia palepale: mama mzima, baba mzima, Katungu mzima, wanalala shambani kando ya mto, hawawezi kuandika.

Hakusogea. Uso haukubadilika.

“Asante, Mama Kahindo,” akasema kwa adabu. “Batu bote banasema vile.”

Nimefanya safari yote ile, nimekuwa kiziwi, na neno langu halina uzito kwa sababu ni zuri mno. Nikamweleza habari ya boga kuchanganywa, habari ya barua na bariyeri. Alitikisa kichwa kwa heshima, kama anayemsikiliza padri kwenye mazishi. Ndipo nikakumbuka kwamba sijamaliza ujumbe.

“Na Katungu anasema kipande ya kikonyo usiikule. Anasema ule mwaka mwingine ulimukulia.”

Kavira alinikodolea macho. Mkono ukapanda mpaka mdomoni.

“Muongo!” akalia. “Muongo yule! Hapana mimi! Yeye mwenyewe njo aliangusha mu majivu! Akasema ni mimi, na Mama akanipiga!”

Akawa anacheka na kulia pamoja, amenishika mabega ananitikisa kana kwamba mimi ndiye Katungu. Madamu Prefe alitoka ofisini akidhani kuna msiba. Wasichana wakajaa uani. Kavira alikuwa bado anajitetea mbele ya watu wote kwa kosa la kipande cha boga, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, na mimi nilikaa kwenye ngazi ya gari nikaacha machozi yatoke.

Kisha akapangusa uso kwa kitenge.

“Mama Kahindo,” akasema, “lete kisu.”

Alilikata mwenyewe, juu ya meza ya jikoni, akakizunguka kikonyo kwa uangalifu na kukiweka pembeni pamoja na mbegu. Tulipika vipande kwenye sufuria dogo, ganda chini. Akawagawia wenzake wa darasa la mwisho, kila mmoja kidogo sana, na hata mwenye midomo mirefu alipata. Cha kwake alikila akiwa amesimama, moto vilevile. Akanawa mikono, akamgeukia yule mwenzake, akamwomba amrudishie madaftari yake.